Kitabu cha Kwa Nini na Mahindi ya Uchagani

Ninyi mnaopikia gesi hamuijui harufu ya masizi. Msiseme ni harufu ya moshi. Moshi unapita, unakwenda zake, masizi yanakaa. Jikoni kwetu Mshangano yalikuwa yamekaa tangu kabla sijazaliwa, meusi, mazito, yakining'inia kwenye nyasi za paa kama nyuzi zilizochoka. Ukiingia kutoka juani kilichokupiga puani kwanza kilikuwa hicho: masizi, pumba, togwa iliyoanza kuchachuka kwenye chungu cha pembeni, na juu ya vyote harufu kavu yenye utamu ya mahindi yaliyotundikwa juu ya moto. Hayo mahindi ndiyo yaliyonikalisha niandike. Yalikuwa ya mbegu. Baba aliyachagua mwenyewe shambani kabla ya mavuno, akipita mstari kwa mstari, akiyabinya kwa kidole gumba kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliyaacha na maganda yake, akayafunga mawilimawili kwa kamba ya mti, akayatundika kwenye uchaga, yaani zile fito zilizolazwa juu ya mafiga. Hapo yalikaa tangu mavuno mpaka mvua za kwanza, yakifukizwa asubuhi na jioni hadi maganda yakawa meusi kama sufuria. Dumuzi, yule mdudu anayegeuza hindi zima kuwa unga huku wewe umelala, hakuyagusa. Watu wote wa kwetu walitunza mbegu hivyo, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza kwa nini.

Baba alikuwa na maneno machache. Nikiwa nakoka moto kabla ya kwenda shule alikuwa ananionyesha uchaga kwa kidole, anasema, "Mena, shule yako ile pale juu. Inavuta moshi." Nilimwelewa vizuri. Mbegu ndiyo shamba, na shamba ndilo sare, michango na daftari. Ikipotea mbegu, mimi sina darasa. Nilikuwa la tano wakati huo, na nilikuwa na uchu wa kufika la saba kama wengine walivyokuwa na uchu wa nyama. Nilisoma vizuri. Nalisema bila haya, maana waliokuwa nyuma yangu darasani leo wanaandika mbele ya majina yao vyeo ambavyo mimi sina, na mahindi yao wanaleta kwangu kusaga.

Sasa nisemeshwe nisisemeshwe, nitasema: vile vitabu vya maswali na majibu siviwezi. Mnavijua. Kwa nini popo hulala kichwa chini, kwa nini kitunguu humliza mpishi, kwa nini mtu mmoja akipiga miayo na jirani yake hupiga. Watu wanavipenda kama karanga. Ukila moja, mkono unarudi wenyewe. Hapa mashineni Lizaboni nawaona wateja wamekaa juu ya madebe yao, siku hizi vimehamia kwenye simu, wanasomeana, wanacheka, zamu yao ya kusaga inapita wanaanza kugombana na kijana wangu. Huwa wananiambia, "Bibi Mashine, wewe hukusoma, ndiyo maana unachukia vitabu." Waongo. Misale ya waumini ninayo, kitabu cha kutengeneza injini ninacho na nimekisoma mpaka kimeota mafuta. Ninachokichukia ni kitabu cha aina moja, na sababu ninayo, wala sikuipata kwa kusimuliwa.

Kilikuja miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo duka la kwetu lilikuwa na mbao za rafu na muuzaji anayesinzia. Ghafla kukawa na sabuni za rangi, redio za kaseti, na mitumba iliyomwagwa chini sokoni kama takataka za wafalme. Baba mdogo Oswini, mdogo wake baba, alikwenda Dar es Salaam akiwa na suruali moja, akarudi na bunda la nguo na viatu vinavyolia akitembea. Mtu mwenyewe debe tupu, lakini debe lililojua kuvuma. Katika lile bunda kulikuwa na kitabu, chembamba, jalada la njano, kimeandikwa Kiswahili, maswali upande huu na majibu upande ule. Hakukiuza. Alikifanya chambo. Anasimama juu ya sanduku sokoni, anapaza sauti: "Jamani! Kwa nini paka akianguka huangukia miguu?" Watu wanasimama. Wenye mizigo vichwani wanasimama nayo. Yeye anafunga kitabu, anainua shati. "Jibu lipo hapa. Tuuze kwanza." Na watu walinunua! Niliona kwa macho yangu mzee wa watu, mwenye akili zake, akinunua koti la mvua la mtoto ili asikie habari za paka.

Nyumbani tulikuwa na vitendawili. Mama akitega, mkishindwa anadai mji. Mnampa Songea hautaki, mnampa Mbinga anakataa, mpaka mmpe mji anaoutaka ndipo anawafungulia. Jibu lilikuwa na bei na ulilitolea jasho. Kwa hiyo nilidhani mama atamcheka Oswini. Hakumcheka. Alisimama pale mbele ya sanduku akiwa na kapu la mchicha, mdomo wazi kidogo, na alipolisikia lile jibu la paka, kwamba hujigeuza hewani, kwanza kichwa kisha kiwiliwili, alilirudia njia nzima ya kurudi Mshangano, akigeuza kiganja chake hewani. Sikuwahi kumwona hivyo. Mama yangu Kandida alikuwa mtu wa kuamka, kuchota, kutwanga, kulima, kupika, kulala. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye ngumbaro, ukumbini kwa mapadri, na tangu amalize hapakuwa na kitu cha kusoma zaidi ya maandishi ya kanga. Wiki zilizofuata alikuwa na safari za sokoni zisizoisha. Mwishowe Oswini alipotaka kurudi Dar kuchukua bunda jingine, mama alimpelekea jogoo wetu mwekundu, akarudi na kile kitabu kifuani kama mtu aliyebeba ekaristi.

Sitadanganya, kilikuwa kitamu. Alisoma silabi kwa silabi, kidole kikitangulia, na wanawake wa jirani walianza kuja mchana kumenyea karanga zao uani kwetu. Mama Gaudensia wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alikuwa mteja wa kudumu wa kilabu cha komoni, hakuchoka. "Soma la paka, mama. Halafu kiulize, mbona wa kwangu akitoka kilabuni haangukii miguu?" Wote wakaangua kicheko. Wakampa mama jina, Mama Kwanini, naye akalipokea. Baba hakupendezwa. Alikaa pembeni akinoa jembe, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mke wangu sasa anajua kwa nini nyota zinameremeta. Ila chumvi ikiisha hajui imekwenda wapi." Mama akamjibu bila kuinua macho, "Chumvi imekwisha kwa sababu imeliwa, Baba Mena. Hilo halihitaji kitabu." Wanawake wakainamia karanga zao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mama akimjibu baba mbele za watu, na nasema kweli, nilifurahi.

Wanasema kuuliza si ujinga. Sawa. Lakini mbona hawasemi kwamba hatukuuliza sisi? Aliuliza mwenye kitabu. Sisi tulikuwa tunasubiri tu kuambiwa tunashangaa nini. Baba alipoondoka kwenda Lusewa kumjengea dada yake mabani ya kukaushia tumbaku, mama alibaki na kitabu, na ndipo alipofika kwenye ukurasa wenye picha ya mwanamke mnene, mwenye aproni, jikoni kweupe kama hospitali. Swali lilikuwa: kwa nini jiko huhitaji dirisha? Jibu, nalikumbuka kama Baba Yetu: moshi hubeba masizi na hewa chafu inayoumiza macho na kifua, chakula kitunzwe mahali safi, pakavu, pasipo na moshi. Huo ukurasa hakuwasomea wenzake. Aliusoma peke yake, akaurudia, akajifuta macho na pindo la kanga. Macho ya mama yalikuwa mekundu miaka yote. Asubuhi alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, na sisi tulidhani mama ndivyo walivyo, kama kuku walivyo na manyoya.

Nilirudi kutoka shule nikakuta ametoboa dirisha. Ametoboa kwa shoka, ukutani, peke yake. Masizi yote ya paa ameyapangusa, kuta amezisiriba udongo mweupe, na yeye mwenyewe mweusi kuanzia nyusi mpaka kucha, anaimba. Mahindi ya mbegu ameyateremsha. Alikuwa ameyamenya maganda yote, akayapangusa moja moja kwa kitambaa, akayapanga kwenye mfuko mweupe mpya, na tulipomaliza kuufunga tukausukuma chini ya kitanda chake. "Ona yalivyo meupe, Mena," aliniambia. "Miaka yote hii tumeyalaza motoni kama wenye dhambi." Mama Gaudensia alichungulia kuomba kaa la moto, akaona lundo la maganda meusi mlangoni. Kicheko kikamwisha.

"Mwenzangu, umeyavua nguo mahindi ya watu?"

"Kitabu kimesema," mama akajibu.

Mama Gaudensia akafumba mdomo, akachukua kaa lake, akaenda. Kitabu kimesema! Maneno mawili tu. Kama angesema shoga yangu kasema, au nimeota, au mganga kasema, Mama Gaudensia angeweka mikono kiunoni wakabishana mpaka jua lizame, na pengine yale mahindi yangerudi juu jioni ileile. Kwetu mtu hubishana na mtu. Lakini kitu kilichopigwa chapa mtu wa jembe atakibishia kwa lipi? Hiyo ndiyo tabia yao hivi vitabu ninayoichukia kuliko zote. Vinakuchekesha kwanza. Paka, twiga, popo, kitunguu, kila ukipima unakuta ni kweli, unalainika, unaacha kupima. Ndipo linakuja lile moja linaloingia mpaka nyumbani kwako.

Nilianza kusikia sauti nikifanya hesabu za shule kitandani kwa mama, mchana. Kama mtu anayetafuna mchanga, mbali. Nikamuuliza, akasema ni panya. Baadaye nikaona vumbi jeupe sakafuni, laini, zuri kabisa la kupendeza, nikalifagia. Mavumbi yalikuwa mengi mwaka ule, jua lilikuwa kali, miti ya miombo ilikuwa inaanza kutoa majani mekundu, na kila mtu alikuwa anatazama juu kusubiri wingu. Hakuna aliyetazama chini ya kitanda.

Baba alirudi na mvua ya kwanza. Alikuwa ananuka tumbaku na udongo wa tofali, jembe tayari liko begani, hakukaa hata kunywa togwa. Aliingia jikoni, akatazama juu. Uchaga mtupu. Akatazama dirisha, akatazama kuta nyeupe. "Mbegu iko wapi?" Mama alikwenda kuuvuta mfuko, na nilijua kabla haujafika mlangoni, kwa sababu aliuvuta kwa mkono mmoja. Baba akaumimina juu ya mkeka uani. Ulitoka unga. Ulitoka unga, halafu magunzi yaliyotobolewa kama chekeche, halafu dumuzi wenyewe, wadogo, weusi, wakitembea polepole kama watu walioshiba arusini.

Nilingoja kipigo. Hakupiga. Hakupaza hata sauti, na mpaka leo natamani angepaza. Alichuchumaa, akachukua unga akausugua kati ya vidole. Akasema, "Haya. Lete kitabu chako. Kiulize kwa nini."

Nilidhani mama atalia, au atamtukana. Alikwenda ndani akakileta. Akaketi mkekani, pembeni ya lile lundo, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kutafuta. Alitafuta kweli. Kidole kilikwenda swali kwa swali, naye akitamka kila moja kwa sauti, kwa nini twiga, kwa nini upinde wa mvua, kwa nini jogoo, na matone yakaanza kudondokea karatasi na baba hakuondoka, alisimama anasubiri. Na mimi nilisubiri. Mungu wangu, nilisubiri kwa moyo wote, niliamini lipo mahali. Aliyepata majibu ya popo atakosaje la mahindi ya watu? Mama alifika kwenye jalada la nyuma. Akakifunga, akakiweka chini ya kanga kisilowe.

"Hakuna," akasema. "Hawajaliuliza."

Nimelitafuna hilo neno miaka yote hii. Kile kitabu hakikusema uongo. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Moshi unaumiza macho, kweli. Chakula kikae pasafi, kweli. Lakini lile lilikuwa jibu la mwanamke mnene wa kwenye picha, anayenunua mbegu dukani kwenye pakiti yenye dawa, si jibu la Kandida wa Mshangano. Baba alikwenda kwa Oswini, aliyekuwa amekwisha fungua kibanda hapa Lizaboni. Oswini alitandaza mikono. "Kaka, mimi niliuza kitabu. Sikuuza mahindi." Mbegu ya dukani ilikuwepo, ruksa ilileta kila kitu, ila ilikuwa ya wenye fedha. Ile ya ushirika ya zamani ilikuwa imekwisha pamoja na ushirika wenyewe. Kwa hiyo tulikwenda Lusewa, baba na mimi. Shangazi Kolumba akatuteremshia mahindi kutoka uchaga wake, meusi ti, yananuka kama nyumbani. Baba akayabeba. Mimi nikabaki.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na mtoto wa kike, na majani ya tumbaku hayajitungi yenyewe kwenye fito. Walisema ni msimu mmoja, nikishamsaidia nitarudi darasani. Msimu mmoja! Nilikaa kwenye moshi wa mabani mpaka nikavunja ungo. Sare yangu ilibaki Mshangano kwenye msumari, na siku niliporudi kuitazama ilikuwa inamtosha mdogo wangu. Sikulia. Nilikwenda kuuza togwa stendi, kutoka togwa nikaingia kwenye maharage, kutoka maharage nikanunua mashine mbovu ambayo wanaume watatu walishindwa kuiwasha, nikaiwasha. Leo ninazo mbili na nyumba ya bati. Mtu asinionee huruma. Nataka tu ijulikane la sita na la saba vilikwenda wapi. Viliachwa pamoja na ule unga kwenye mkeka.

Baba alikwisha kufa. Mama ninaye hapa, mzee sana, macho yamefunga ukungu, na kile kitabu anacho. Ndiyo, anacho! Hakina jalada, kurasa za kati zimeliwa na mende, anakilalia chini ya mto. Mjukuu wangu Zeno akitoka shule anamwendea na simu yake, wanakaa barazani. Juzi akaniita, "Bibi, ulijua pweza ana mioyo mitatu?" Nikamuuliza huyo pweza atakuja kunipepetea mahindi? Mama akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Mwache bibi yako. Soma jingine." Damu ikanipanda. Nilimsubiri kijana aondoke, nikamwambia mama lile ambalo sikuwahi kumwambia: kwamba kile kitabu kilikula shule yangu, na ningekuwa yeye ningekitia motoni siku ileile mbele ya baba.

Alikipapasa kitabu chake. Halafu akasema, "Ninyi wote mlikuwa mnaniuliza chakula kiko wapi. Wewe, baba yako, wote. Macho yangu yalikuwa mekundu miaka yote, Mena. Nani aliniuliza kwa nini?"

Nilimwambia togwa yake inapoa, nikatoka. Na msimamo wangu sijaubadilisha: Zeno akiniletea pweza wake tena nitamfukuza. Lakini niseme na hili, mjue. Nyumba yangu ina gesi, na bado nyuma ya uwanja, kule mwisho karibu na uzio, nimejenga jiko la nyasi lenye mafiga na uchaga, na mbegu yangu imetundikwa humo na maganda yake, haipungukiwi moto. Nilipolijenga, fundi alinishangaa, akasema mama, mbali hivi utachoka kutembea. Nilimwonyesha dirisha la chumba cha mama. Nikamwambia asimame pale, atazame upepo unakotoka, ndipo achimbe.